Pikoboli, Sista na Jino la Skola

Vijana wangu, jana jioni nilipita pale uwanjani nikawaona. Mlikuwa wanne, mnacheza wawili wawili, na kwa jinsi mlivyokuwa mnaupiga ule mpira nilidhani umewatukana. Mmoja wenu, simtaji jina, yule mwenye kofia nyekundu, aliupiga ukavuka uwanja, ukavuka uzio, ukatua kwenye shamba la ulezi la jirani. Halafu akageuka kumkazia macho mwenzake kana kwamba mwenzake ndiye aliyepiga. Mliponiona mkasema, "Shikamoo Mwalimu," na huyo huyo wa kofia akaongeza, "Mwalimu, si utuandikie basi hizo mbinu zako? Sisi tutasoma."

Haya, nimeandika. Kwamba mtasoma wote, hilo siliamini. Nimekuwa mwalimu muda mrefu mno kuamini jambo la namna hiyo.

Kazi yangu mnaijua. Nilifundisha michezo katika sekondari moja hapa Sumbawanga mpaka nywele zikaondoka na magoti yakaanza kulalamika kila nikiinuka. Netiboli, wavu, riadha, mpira wa miguu, vyote vilipita kwenye filimbi yangu. Nilijiona najua kila kitu kinachodunda. Kisha, ikiwa imebaki miaka michache nistaafu, akaja Sista Benedikta.

Sista alikuja kufundisha hesabu. Alikuwa mfupi, mwembamba, mpole wa kusema, na umri wake ulikuwa wa mwanangu wa pili. Alikuwa ametoka masomoni ughaibuni, na pamoja na vitabu vyake alirudi na begi refu. Siku moja akalifungua ofisini. Ndani mlikuwa na vibao vinne vyenye mpini mfupi, nikadhani ni vya kukatia mboga. Akatoa na mpira wa plastiki uliojaa matundu.

"Sista," nikamwambia, "huu umeliwa na panya."

"Umetengenezwa hivyo, Mwalimu. Mchezo unaitwa pikoboli. Unaonekana kama tenisi ya mezani, ila meza yenyewe ndiyo uwanja na wewe unasimama juu yake."

"Wanacheza akina nani?"

"Wazee wengi," akasema, akanitazama kidogo. "Na vijana pia."

Tulikuwa na ile sakafu ya saruji nyuma ya bwalo, iliyojengwa kwa ajili ya netiboli, lakini kila baada ya mavuno ilikuwa inaanikiwa mahindi ya shule. Tukasogeza mahindi upande mmoja, tukafunga wavu wa zamani usawa wa kiuno, Sista akachora mistari kwa chaki. Akaja na raba nyeupe chini ya kanzu yake ya kitawa. Mimi nikavaa suti yangu ya michezo ya bluu na filimbi shingoni. Wanafunzi wakajaa kando. Nikawanong'oneza walio karibu, "Nitamwonea huruma, ni mtu wa Mungu."

Tukacheza mmoja kwa mmoja. Akanifunga kumi na moja kwa mbili. Hizo mbili nadhani alinipa sadaka.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mbinu zinapoanzia. Mpira wa kwanza niliuanzisha kama wa wavu, mkono juu ya kichwa, kwa nguvu zote. Sista hata hakuusogelea.

"Mwalimu, mpira unaanzishwa kwa mkono unaotoka chini kupanda juu, na unaupiga chini ya kiuno. Unasimama nyuma ya mstari wa mwisho, unaupeleka kimshazari kwenye boksi la upande wa pili. Na nafasi ni moja tu. Ukikosa, zamu yangu."

Nikaanzisha vizuri, akaurudisha, nami nikaukimbilia nikaupiga ukiwa bado hewani. Nikashangilia. Wanafunzi wakashangilia. Sista akatikisa kichwa.

"Ulionijia ulidunda kwanza. Nikiurudisha, na wewe lazima uuache udunde. Mmoja kwangu, mmoja kwako. Baada ya hapo ndipo ruhusa kuupiga hewani."

"Kwa hiyo hiyo pointi si yangu?"

"Si yako. Na pointi anapata aliyeanzisha tu. Asiyeanzisha akishinda, anapata zamu ya kuanzisha, basi."

Nikamuuliza nisimame upande gani nikianzisha. Mwalimu wa hesabu yule, akajibu kama yuko ubaoni: "Pointi zako zikiwa namba shufwa, simama kulia. Zikiwa witiri, kushoto." Nilikaa na sifuri muda mrefu sana siku hiyo, kwa hiyo upande wa kulia niliuzoea vizuri.

Jambo lililonishangaza ni kwamba yeye hakukimbia. Mimi nilikimbia kama ng'ombe aliyeng'atwa na nyigu, yeye alikuwa anatembea. Alikuwa anaanzisha mpira mrefu, unaangukia karibu na mstari wangu wa mwisho, ili nikae mbali. Akiisha kupiga, anarudi katikati ya uwanja wake, anangoja. Mpira mmoja anaupeleka kona hii, nikiufikia anaupeleka kona ile. Nilipokuja kukaa chini, natweta, akaniletea maji akasema kwa upole, "Miguu yako mizuri sana, Mwalimu. Ila unaituma kabla hujaiambia inakwenda wapi."

Nimewaandikia maneno hayo kama alivyosema kwa sababu yanawahusu. Mkicheza mmoja mmoja, uwanja ni ule ule mkubwa na mwenzio wa kukusaidia hayupo. Ukipiga, rudi katikati. Usipende kupiga kwa nguvu, penda kupiga mahali ambapo mtu hayupo. Na angalia upepo. Huku kwetu uwandani upepo wa kiangazi hauna adabu, na ule mpira wenye matundu ni mwepesi kama ganda la yai. Upepo ukikupiga usoni, piga kwa nguvu, utakushikia mpira usitoke. Ukikupiga mgongoni, punguza, la sivyo utaishia kwenye ulezi wa jirani. Mwenye kofia nyekundu anisikie.

Na fagieni kabla ya kucheza. Punje tatu za mahindi zilinilaza chali mbele ya kidato cha pili kizima. Mpaka leo wapo watu wazima na familia zao wanaonikumbuka kwa hilo tu.

Baada ya siku ile nikawa mwanafunzi wa Sista, kila Jumatano na Jumamosi. Chaki ilikuwa inapeperuka, tukaomba rangi iliyobaki ya bweni, tukachora mistari ya kudumu. Ndipo nikakutana na jikoni.

Jikoni ni lile eneo la mbele, pande zote mbili za wavu, mita mbili na kidogo kila upande. Ndivyo wanavyoliita hata huko lilikotoka, Sista alinihakikishia. Sheria yake ni hii: ukiwa umekanyaga jikoni, hata mstari wake tu, huruhusiwi kuupiga mpira ambao haujadunda. Ukidunda mle ndani, ingia, upige, utoke. Na ukiupiga hewani ukiwa nje, halafu kasi yako ikakusukuma ukaingia, ni kosa pia, hata kama mpira umeshakufa.

Mimi nilikuwa mtu wa wavu, nimezoea kurukia mpira. Kila nikiruka, natua jikoni. "Mwalimu, jikoni!" Sista anasema. Dakika mbili tena, "Mwalimu, jikoni!" Wanafunzi wakawa wanapiga kelele kabla yake, wengine kupitia madirisha ya darasa. Jina likanifuata mpaka sokoni. Mke wangu akaja kuniuliza, "Hawa watoto wanasema unashinda jikoni. Jikoni gani? Mbona kwangu sijakuona hata siku moja?"

Sista alikuwa na pigo moja laini, mpira unavuka wavu kidogo tu na kuangukia jikoni kwa mwenzio, hauinuki, hana la kuufanya ila kuuinua. Lilikuwa na jina la kigeni ambalo wanafunzi hawakulipenda. Wakaliita kudokoa, kama mtoto anavyodokoa nyama chunguni kabla mama hajageuka. Unagusa kidogo, unaondoka. Kibao unakishika kama unavyoshika kifaranga, magoti yamekunjwa, mkono unasukuma kutoka begani, kiganja kinatulia. Wenye nguvu wote hulidharau pigo hili. Nililidharau miezi miwili, na miezi miwili nikafungwa.

Sasa nije kwenye kucheza wawili wawili, ambako ndiko nilikofanya kosa kubwa kuliko yote. Nawaandikia polepole hapa kwa sababu hili halinichekeshi sana.

Tulikuwa na wasichana wawili wa kidato cha tatu. Wa kwanza alikuwa Skolastika, tukimwita Skola, mtoto wa mkulima wa Ilemba kule bondeni. Mrefu, mwepesi, mkali kama pilipili. Kwenye mmoja mmoja hapakuwa na wa kumgusa. Wa pili alikuwa Tausi, mtoto wa wavuvi wa Kipili. Tausi hakuwa na mbio, lakini mkono wake! Mpira ukimfikia unalala. Alikuwa anadokoa mpaka unaona aibu kwa niaba ya mpinzani. Walilala kitanda cha juu na cha chini bwenini, wakala sahani moja. Nikawaweka pamoja, nikajiona mtaalamu.

Sista alinifundisha kwamba wawili wawili si mmoja mmoja mara mbili. "Ni maksai wawili kwenye nira moja, Mwalimu. Mmoja akienda mbele, mwenzake naye mbele. Akivutwa kulia, mwenzake asogee kulia, katikati pasibaki wazi. Lengo lao wote wawili ni kufika kwenye mstari wa jikoni na kusimama pale, bega kwa bega." Akanifundisha kutaja pointi kwa namba tatu: zenu, zao, halafu mwanzishaji ni wa kwanza au wa pili, kwa kuwa kila timu ikipata zamu wote wawili wanaanzisha, mmoja baada ya mwenzake. Isipokuwa mwanzo kabisa wa mchezo, timu ya kwanza hupewa mwanzishaji mmoja tu, ndiyo maana mnasikia "sifuri, sifuri, mbili."

Kisha akaniambia, "Na uwafundishe kusemezana. Mpira wa katikati, mmoja aseme yangu, mwingine aseme yako. Wote wanatumia mkono wa kulia, kwa hiyo wa katikati ni wa aliyesimama kushoto. Lakini aseme."

Nikamjibu, "Watazoea wenyewe, Sista. Hawa ni marafiki."

Nilifundisha miguu, nikafundisha mikono. Midomo niliiacha.

Ilikuwa Jumamosi, upepo mwingi, tunajiandaa kwa bonanza la shule jirani, ambazo nazo Sista alizipelekea mchezo huu, lililopangwa kufanyika Chala. Mpira ukaja katikati, juu kidogo, mtamu. Skola alikuwa kushoto, akautaka. Tausi naye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaamua kuwa na mbio. Hakuna aliyefungua mdomo. Kibao cha Tausi kikaukosa mpira kikampata Skola usoni.

Skola akakaa chini, mkono mdomoni, damu ikapita kati ya vidole. Jino la mbele, la juu, lilikuwa kwenye saruji karibu na mstari. Tausi akaanguka magoti akilia kuliko mwenye jino. Sista akafika na kitambaa kabla yangu. Na Skola, kwa sauti iliyojaa kitambaa, akauliza, "Mpira uliingia?"

Tulimpeleka hospitali, wakamsafisha, wakamtuliza, akapewa ruhusa ya kwenda nyumbani siku kumi apone. Baba yake, Mzee Joakimu, alikuja kumchukua. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Mwalimu, mwanangu nilimleta shule na meno yote," alisema. "Masomo ataendelea. Hicho kimchezo chenu, basi."

Mimi nikasema pole. Nikaongeza kwamba ni bahati mbaya, ajali za michezo hutokea, watoto hawakuwa makini. Ndiyo, nilisema hivyo. Watoto hawakuwa makini.

Siku zilizofuata bwenini wakaanza maneno. Eti Tausi alifanya makusudi, alimwonea wivu mwenzake. Kuna aliyempelekea Skola maneno hayo huko Ilemba. Tausi alipompigia simu kwa simu ya Sista kumjulia hali, Skola akasema anaendelea vizuri na akakata. Tausi akaacha kuja uwanjani. Nikamkuta amekaa nyuma ya bwalo anachambua maharage ambayo si zamu yake.

"Tausi, kibao chako kinakungoja," nikamwambia.

"Mwalimu, mimi mkono wangu umeharibu uso wa mtu," akasema, hakuinua macho. "Siushiki tena."

Nilimpelekea Sista habari hizo nikitegemea anipe maneno ya faraja. Akafunga kitabu chake. "Ni nani aliyepaswa kuwafundisha kusemezana?" akauliza. Akaendelea kunitazama kwa upole ule ule wa siku aliponifunga kumi na moja kwa mbili.

Jumamosi iliyofuata tukateremka Ilemba, Sista, Tausi na mimi, na vibao kwenye begi. Mnajua ile safari: huku juu mmejifunika makoti, mkifika chini mmebeba makoti mikononi. Tausi alilipakata begi njia nzima.

Mzee Joakimu tulimkuta uani na mkewe, Mama Skola, wakipukuchua mahindi. "Tumsifu Yesu Kristo," Sista akasalimu. "Milele amina," wakajibu, viti vikaletwa, tukapewa maji. Skola akatoka ndani, akatuamkia mimi na Sista. Tausi yeye Skola alimpita kwa macho kama mtu anavyopita nguzo.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilipofungua mdomo, Mzee Joakimu akaninyanyulia mkono.

"Ngoja kwanza. Mimi huo mchezo sijauona. Watu wazima wawili wamepanda gari kuja kunieleza habari ya mchezo, basi nionyesheni. Nione kitu kilichomtoa mwanangu jino."

Ua wao ulikuwa umekandikwa vizuri, mgumu, kwa ajili ya kupuria mazao. Sista akachora mistari kwa jivu. Tukafunga kamba ya mbuzi kati ya miti miwili, tukaitundikia kanga mbili za Mama Skola ziwe wavu. Nikafikiri nitacheza na Sista tumwonyeshe. Mzee akaokota kibao mwenyewe.

"Mimi na wewe, Mwalimu," akasema. "Dhidi ya hao wawili."

"Akina nani?" Skola akauliza.

"Wewe na huyo aliyekupiga."

Skola akatazama chini. Tausi akamtazama Sista, na Sista akawa anakunja kitambaa chake tu. Wakaingia uwanjani, kila mmoja ukingoni mwake, katikati pangepita mkokoteni.

Mzee Joakimu, jamani. Alikuwa na mkono wa jembe. Mpira wa kwanza ulikwenda kwenye paa la jikoni, jiko la kweli hili. Wa pili ukamwamsha jirani. Wa tatu akaupata sawasawa, wasichana wakaurudisha, ukaja katikati yetu, juu, mtamu. Nikasema moyoni ni wa kwake. Yeye akasema moyoni ni wa kwangu. Ukadunda kati yetu mara mbili, tatu, tukiuangalia kama watu waliofika kwenye mazishi bila kumjua marehemu.

"Mbona hukupiga?" akaniuliza.

"Nilidhani utapiga wewe."

"Mimi nilidhani wewe. Wewe si ndiye fundi?"

Mpira uliofuata wa katikati tukaamua kwa pamoja, kila mmoja kimoyomoyo, kwamba safari hii hatuachi. Tukagongana vifua. Mimi nikakaa kwenye mahindi. Mama Skola akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Na nyinyi wazee wazima!" akasema. "Hamna midomo?"

Mzee Joakimu hakucheka. Alisimama pale anapumua, akakitazama kibao, akamtazama binti yake, akamtazama Tausi, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, kwa hiyo hapa katikati mtu anatakiwa aseme?"

"Ndiyo."

"Na kusema huko kunafundishwa?"

"Kunafundishwa."

"Hawa ulikuwa umewafundisha?"

Ningeweza kusema mengi. Sista alikuwa pale, ila hakunitazama, aliniachia mwenyewe.

"Hapana," nikasema. "Niliambiwa niwafundishe, nikaona ni kitu kidogo."

"Basi jino lile ni lako," akasema. "Halikuwa la huyu mtoto wa watu."

Hapo hotuba yangu yote ikapotea. Nikamwendea Skola nikamwomba msamaha, nikamwendea na Tausi nikamwomba msamaha, mbele ya wazazi, nikiwa na makapi ya mahindi kwenye suruali. Nikasema nilichokosea kwa jina lake. Tausi akaanza kulia tena. Skola akamwangalia, halafu akatabasamu, na pengo likaonekana kwa mara ya kwanza.

"Kumbe na wewe unaweza kukimbia," akamwambia. "Siku zote ulikuwa wapi?"

Tausi akacheka huku analia, kamasi kila mahali. Tukamalizia mchezo. Sista alisimama kando akawafundisha kile nilichopaswa kufundisha. "Yangu!" "Yako!" "Nje, acha!" Sauti zao zilijaa ua wote. Walitufunga kumi na moja kwa sifuri. Mzee Joakimu alidai mechi ya marudiano, na alipofungwa tena akasema mtoto anaweza kuendelea, ila siku ya Chala atakuja mwenyewe kuangalia wanavyosemezana.

Akaja kweli. Chala ilikuwa na baridi siku ile na yeye alikuwa na koti zito lenye vifungo vikubwa. Tulikaa pamoja, viti vyetu vikiwa usawa kabisa wa mstari wa jikoni. Wasichana wetu walishinda mechi mbili asubuhi. Mchana wakaingia fainali dhidi ya wasichana wawili wenyeji, wazuri, wavumilivu, wanaodokoa vizuri karibu kama Tausi. Mwamuzi alikuwa mwalimu wa pale, mtu wa haki, lakini alikuwa mmoja tu na macho yake mawili.

Mchezo ukafika Tausi anaanzisha. Akataja kwa sauti, "Kumi, tisa, mbili." Pointi moja tu tuondoke na kikombe. Akaanzisha mrefu, wakarudisha mrefu, wasichana wetu wakapanda pamoja mpaka kwenye mstari, wakaanza kudokoana. Nilihesabu mapigo nikachoka. Watu walinyamaza mpaka unasikia mpira ukigusa saruji. Mmoja wa Chala akauinua kidogo tu. "Yangu!" Skola akasema, akaupiga ukiwa hewani, ukapita katikati yao, ukadunda, ukaenda zake.

Uwanja ukalipuka. Mwamuzi akanyanyua mkono kuelekea upande wetu. Tausi alikuwa tayari anaruka. Skola alibaki amesimama pale pale, anaangalia raba yake.

"Mwamuzi," akasema. "Nimekanyaga."

"Umesemaje?"

"Mstari wa jikoni. Nimekanyaga wakati napiga."

Mwamuzi akamtazama muda, kama anampa nafasi ya kubadili. Hakubadili. Pointi ikafutwa, na kwa kuwa Tausi alikuwa mwanzishaji wa pili, zamu ikahamia kwa wenyeji. Tausi akamwendea mwenzake, nikadhani atamlaumu. Akamgonga kibao kwa kibao, wakarudi nyuma kupokea. Wenyeji wakapata ya kumi, ya kumi na moja, na ya kumi na mbili, maana kumi na moja haitoshi mpaka umzidi mwenzio kwa mbili. Kumi na mbili kwa kumi. Basi.

Wasichana wanne wakakutana kwenye wavu, wakashikana mikono, kisha wakawa wanaongea mambo yao na kucheka, wale wa Chala wakimuuliza Skola ule mpira anaupigaje. Mimi nilikuwa bado nimekaa. Mzee Joakimu pia. Upepo ulikuwa unapita kati yetu.

"Mwalimu," akasema bila kunigeukia, "sisi tumekaa usawa wa mstari. Uliuona ule mguu?"

Nikafikiria kumdanganya. Nilikuwa na sekunde ya kutosha kabisa.

"Niliuona," nikasema. "Kabla hajasema."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Hata mimi niliuona. Nikamwomba Mungu yule mwamuzi awe hakuona."

Akafunga kifungo cha juu cha koti lake, akainuka, akavuka uwanja mpaka walipokuwa wasichana. Nilijua ni mtu asiyesifu watoto, nikategemea ataagiza tu wakakusanye vitu vyao. Akasimama mbele ya binti yake, akavua kofia, akampa mkono, kama mtu anavyompa mkono mtu mzima mwenzake. Skola akaupokea kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo. Kisha mzee akamgeukia Tausi, akampa na yeye.

Mimi nilibaki kwenye kiti, nimeinama, najifanya nafunga kamba za viatu, mpaka Sista alipokuja akasimama mbele yangu na kuniambia kwamba viatu nilivyovaa siku ile havikuwa na kamba.